Furaha Yangu na Furaha ya Wenzangu Katika Mchezo



Siku ya Bwana, Misa ikiisha na bukari ikiisha kuliwa, wanaume wa vijiji vyetu hukaa chini ya mwembe. Huyu huchonga mpini wa jembe, yule husimulia habari za safari, na mara nyingi wanne hutandika mkeka na kutoa karata. Ndivyo ilivyo katika vijiji vya kando ya njia iendayo Kolwezi, na ndivyo ilivyokuwa katika makambi ya wafanyakazi tangu mji ule ulipoanzishwa kwa ajili ya shaba mwaka 1937. Kampuni iliyojenga makambi yale, Union Minière, imekwisha kupita. Mali yake katika nchi yetu ilitwaliwa na Serikali mwaka 1967, ikawa mali ya kampuni iitwayo leo Gécamines. Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Mambo mengi yamegeuka, lakini karata zimebaki.

Pengine mtashangaa kwamba ukurasa huu, ambao umezoea kunena habari za amri na fadhila, leo unanena habari za karata. Msishangae. Mtu hujulikana tabia yake upesi zaidi akicheza kuliko akisali. Kanisani kila mmoja hutazama mbele na kunyamaza. Penye mkeka moyo hutoka nje. Kwa hiyo ni vema tujiulize swali moja: nikiketi kucheza na rafiki zangu, je, nitafute furaha yangu, au nitafute furaha yao?

Tuchukue mfano. Wanaume wanne wanacheza, wawili upande huu na wawili upande huu. Tusiwape majina, maana kila kijiji kinao. Wa kwanza ni hodari sana. Anakumbuka kila karata iliyokwisha kutupwa, anajua turufu zilizobaki ziko mkononi mwa nani. Mwenzake wa upande mmoja ni mwanafunzi wa mchezo; juzi tu amefundishwa kuweka karata zake kwa mpango mkononi. Basi yule mwanafunzi anatupa turufu mahali pasipostahili. Hodari anapiga mkeka kwa kofi na kusema, «Wewe huna akili!» Watazamaji wanacheka. Mchezo unaendelea. Karata inayofuata mwanafunzi anaitupa kwa hofu, nayo ni mbaya kuliko ya kwanza. Jioni hodari anarudi nyumbani amefurahi, kwa sababu pamoja na mzigo ule ameshinda. Jumapili ya pili mambo ni yale yale. Jumapili ya tatu mwanafunzi anasema kichwa kinamwuma. Ya nne haonekani kabisa, na wa tatu naye anasema ana kazi shambani. Hodari anabaki amekaa chini ya mwembe na karata zote 52 mkononi mwake, wala hana wa kucheza naye.

Amekosa wapi? Hakuiba, hakudanganya, hakuvunja sheria yoyote ya mchezo. Tulichunguze jambo hili kwa utaratibu.

Swali la kwanza: Je, kutafuta furaha katika mchezo ni kosa?

Siyo kosa. Wako watu wanaodhani kwamba mcha Mungu sharti awe na uso wa huzuni siku zote, na kwamba kila saa ya kucheka imeibwa katika saa za kusali. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, hakufundisha hivyo. Yeye alisema kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na kwamba pumziko la roho ni furaha. Akaleta hadithi ya zamani juu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walimkuta akicheza na wanafunzi wake, wakachukizwa. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale. Kisha mwingine, kisha mwingine. Halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Basi Yohane akawaeleza kwamba roho ya mtu nayo ingevunjika kama ingekazwa daima bila kulegezwa.

Wawindaji wa nchi yetu hawahitaji kufafanuliwa mfano huo. Hata wale wanaoshinda mashimoni wakipiga mawe ya shaba na kobalti, au shambani wakilima mihogo, wanajua kwamba mwili na roho vinadai kulegezwa. Basi mtu akisema, «Nakwenda kucheza ili nifurahi,» asione haya. Furaha yake ni halali.

Tomaso akaongeza neno ambalo wengi hawalitazamii. Alifundisha kwamba mtu asiyecheza kamwe, asiyesema neno la kuchekesha, tena anayewazuia wengine wasifurahi, naye amekosa, maana anakuwa mzigo kwa wenzake. Angalieni kosa lenyewe: anawalemea wengine. Hapo tumekwisha kupata ufunguo wa swali letu. Mchezo hupimwa kwa furaha ya mchezaji mwenyewe, na pia kwa mambo anayowatendea wale walioketi pamoja naye.

Swali la pili: Furaha ya mchezo ni mali ya nani?

Viko vitu ambavyo nikivipata mimi, wewe umevikosa. Kipande cha nyama nilichokila mimi huwezi kukila wewe. Viko vitu vingine ambavyo havipatikani kabisa ila na watu wengi pamoja, kama wimbo wa sauti nne. Mwimbaji mmoja hawezi kwenda nao nyumbani kwake mfukoni. Katika mchezo viko vitu vya namna zote mbili, na kosa la hodari wetu ni kutovitenganisha.

Ushindi ni kama kipande cha nyama: upande huu ukiupata, upande ule umeukosa. Furaha ni kama wimbo. Waliokaa mkekani wanaweza kufurahi wote wanne, hata wale wawili walioshindwa, kama mashindano yalikuwa ya kweli, kama walipata nafasi ya kujaribu akili zao, kama walicheka pamoja na hakuna aliyechekwa peke yake. Tena inaweza kutokea kinyume: mmoja ameshinda, na wote wanne wameondoka na uchungu.

Hodari alidhani kwamba akiushika ushindi ameishika na furaha. Kumbe furaha yake mwenyewe ilikuwa mikononi mwa wenzake watatu. Walipoondoka, wakaondoka nayo. Ndiyo maana mtu hawezi kusema, «Mimi nitajiangalia furaha yangu, na kila mmoja ajiangalie yake.» Maneno hayo yangefaa kwa mtu anayepanga karata peke yake. Mchezo wa wanne ni kama chungu kimoja kilichowekwa juu ya mafiga: ukiondoa figa moja ili ukapikie kwako, chungu kimeanguka, na chakula chako kimo humo humo.

Watu wa Kolwezi wana sababu ya pekee ya kulielewa neno hili. Katika miaka ya 1950 Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa akifanya kazi yake huko Ruwe, karibu na Kolwezi, na huko ndiko ilikoanzia Jamaa, ambayo ilienea baadaye katika Katanga yote na hata nje yake. Kabla ya hapo, mwaka 1945, alikuwa amechapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu. Kati ya mambo aliyoyakazia ni kwamba mtu hana uzima wake peke yake. Uzima wake huongezeka au hupungua kwa namna anavyoungana na wengine. Wataalamu wamebishana sana juu ya kitabu kile, wala si kazi yetu hapa kuwapatanisha. Lakini wazee wetu hawakungoja kitabu ili kujua kwamba mtu anayewapunguza wenzake anajipunguza mwenyewe.

Swali la tatu: Je, hodari ashindwe kwa makusudi ili wenzake wafurahi?

Hapa wengi hupotea, wakikimbia kosa moja na kuangukia jingine. Mtu anasema, «Nimeelewa. Tangu leo nitatupa karata mbaya kusudi, ili ndugu yangu ashinde afurahi.» Nia yake ni njema, lakini afikiri tena.

Kwanza, wenzake wameketi wakiamini kwamba kila mmoja anacheza kwa akili yake yote. Akicheza kwa uongo, anawapa ushindi usio ushindi. Ni kama kumlipa mtu kwa fedha bandia: atafurahi mpaka siku atakapokwenda dukani. Siku atakapotambua kwamba alikuwa akiachiwa, atakumbuka ushindi wake wote wa nyuma kwa aibu. Pili, ndani ya tendo lile umefichwa uovu mwingine, nao ni dharau. Anayemwachia mwenzake kwa siri amekwisha kusema moyoni, «Huyu hawezi.» Aliyepiga mkeka kwa kofi alilisema neno hilo kwa sauti; huyu analisema kimya. Tatu, anamnyima mwenzake njia ya kujifunza, maana mtu hujifunza kwa kupambana na mwenye nguvu kuliko yeye.

Basi afanyeje? Asaidie waziwazi. Mataifa mengi yamegundua hekima hii. Wajapani wana mchezo uitwao go, nao huchezwa kwa vijiwe vyeupe na vyeusi. Mchezaji dhaifu huruhusiwa kuweka vijiwe kadhaa ubaoni kabla mchezo haujaanza, na wote wawili wanajua kwa nini. Katika sataranji ya Wazungu ilikuwa desturi ya zamani mchezaji hodari kuondoa kete yake moja tangu mwanzo. Baada ya hapo wanapambana kwa nguvu zote. Hakuna uongo, maana tofauti yao imekubaliwa hadharani. Wala hakuna dharau, maana dhaifu akishinda ameshinda kweli katika masharti yaliyowekwa. Sisi nasi tunaweza kufanya hivyo hivyo. Katika mchezo wa mashimo na mbegu, ambao Waluba huuita kisolo na watu wa pwani huuita bao, mkubwa anaweza kumpa mdogo mbegu za kuanzia. Katika karata, hodari wawili wasikae upande mmoja, bali kila mmoja amchukue mwanafunzi. Na baada ya mizunguko kadhaa wabadilishane wenzi. Duru ikiisha, hodari aweza kusema kwa upole, «Ungaliiweka ile turufu, ungalikula mara mbili.» Aliyefundishwa hivyo Jumapili hii atarudi Jumapili ijayo.

Lakini mtu atauliza: na baba anayecheza na mtoto wake mdogo? Huyo hatumlaumu akimwachia. Baba anayekimbizana na mtoto wa miaka minne hakimbii kama anavyomkimbiza paa, wala mtoto hafikiri kwamba baba yake ni mvivu wa miguu. Wote wawili wanajua kwamba mchezo wao ni kufurahi tu. Mtoto akikua, atataka ushindani wa kweli, na siku hiyo baba asimdanganye.

Swali la nne: Na dhaifu, hana wajibu?

Anao, na si mdogo. Tusidhani kwamba mwenye nguvu peke yake ndiye aharibuye mchezo. Yupo anayeshindwa mara moja akatupa karata chini na kuondoka, akiwaacha watatu bila wa nne. Yupo anayewaza kila karata mpaka jua linatua, huku wenzake wakipiga miayo. Yupo anayesema kila akishindwa kwamba amedhulumiwa. Yupo anayemkonyeza mwenzake kwa siri ili amjulishe karata zake. Hao wote wametaka furaha yao kwa gharama ya wengine, kama hodari alivyotaka. Wahenga walisema: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Anayeketi mkekani amekwisha kuahidi, bila kutamka, kwamba akishindwa atashindwa vizuri.

Yupo pia mtu ambaye hapendi karata hata kidogo, lakini rafiki zake watatu wanamtafuta wa nne. Je, akae? Mtakatifu Fransisko wa Sales, askofu aliyeandika kitabu cha maisha ya ibada mwaka 1609, alitoa neno la busara juu ya jambo hilo. Alisema kwamba inafaa pengine mtu kukubali mchezo kwa ajili ya kuwaridhisha wenzake, wala si kwa kupenda mchezo wenyewe. Akawakumbuka watakatifu waliofanya hivyo, kama Ignasi wa Loyola, ambaye aliposihiwa acheze alikubali. Kujishusha namna hiyo ni tunda la mapendo. Lakini akikaa, akae kwa uso mwema. Anayekaa huku akiugua na kutazama jua amewapa wenzake mwili wake tu, akawanyima moyo.

Tena tuongeze hivi: mtu huyo halazimiki kukubali kila mara. Amri ya mapendo inatupa nafsi yetu iwe kipimo cha kumpenda jirani. Haituamuru kuitupa nafsi. Kama kila Jumapili ni mchezo waupendao wale watatu, na wa nne anavumilia tu mwaka mzima, basi wale watatu wamemsahau. Afungue kinywa aseme, «Leo twende tukavue samaki.» Na wao wafuate. Kuyaficha matakwa yako siku zote siyo ukarimu. Mara nyingi ni kuwanyima rafiki zako nafasi ya kuwa wakarimu kwako.

Swali la tano: Na fedha ikiwekwa juu ya mkeka?

Hapa neno liwe fupi, maana jambo lenyewe ni wazi. Fedha ikiingia, furaha ya mmoja imefungwa katika hasara ya mwingine. Fransisko wa Sales, aliyekuwa mkali sana juu ya dadu na karata kwa kuwa zinatawaliwa na bahati, aliuliza jinsi furaha hiyo inavyoweza kuwa njema, iwapo haipatikani ila kwa hasara na uchungu wa mwenzako. Tukicheza bila fedha, aliyeshindwa anarudi nyumbani na kila kitu alichokuja nacho, na anaweza kucheka. Tukicheza kwa fedha, mchimbaji aliyepokea malipo ya juma zima anaweza kurudi na mikono mitupu, na unga haupo. Hapo wameshindwa hata watu ambao hawakuketi mkekani: mke aliyengoja na watoto waliolala njaa. Nao ni wenzetu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Anayesema, «Sote tumekubali kuweka fedha,» hajawauliza hao.

Basi tumrudie yule hodari chini ya mwembe. Dawa yake si kuacha karata, wala kuuficha uhodari wake. Ajiulize maswali matatu kabla ya kulala: Leo nilipocheka, wenzangu walicheka pamoja nami? Aliyeshindwa leo atataka kuketi nami tena? Na yule dhaifu kuliko wote, je, ameondoka akijua zaidi kuliko alivyokuja, au akijidharau zaidi? Akijibu vema, ushindi wake ni halali, naye aufurahie bila wasiwasi. Akijibu vibaya, asione haya kwenda mlangoni kwa mwanafunzi na kumwambia, «Ndugu yangu, nilikutukana kwa ajili ya karata. Nisamehe. Jumapili njoo, tukae upande mmoja.»

Msidhani kwamba neno hilo ni dogo. Katika nchi yetu ya Lualaba wako wengi wanaoshuka katika mashimo marefu kwa kamba, na juu ya shimo yuko mwenzao aliyeishika. Mtu hawezi kumtukana mwenzake Jumapili kwa sababu ya turufu moja, kisha Jumatatu akashuka shimoni na moyo mtulivu. Na hata asiyechimba anayo kamba yake: usiku mtoto akishikwa na homa, atabisha mlango wa nani? Urafiki unaotutegemeza siku ya taabu husukwa siku za raha, uzi kwa uzi, na mkeka wa karata ni mahali pamoja pa kuusuka au kuukata.

Kwa hiyo, ndugu, chezeni. Chezeni kwa akili zenu zote, shindaneni kwa haki, chekeni. Na kila mmoja anapoipokea karata yake ya kwanza, awatazame usoni wale watatu kabla hajazitazama karata zake.